Sufuria Salama kwa Afya ya Familia: Mambo ya Kuzingatia Wakati wa Kuchagua Vyombo vya Kupikia

Tarehe 8 Mei, 2024, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua jijini Dar es Salaam Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo la mkakati huo ni kuhakikisha kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati safi ya kupikia badala ya kuni na mkaa.

Tangu wakati huo, mazungumzo kuhusu jiko la nyumbani yamejikita zaidi katika chanzo cha moto: gesi, umeme, mkaa mbadala na majiko banifu. Chombo kinachowekwa juu ya moto huo hakijazungumzwa kwa kiwango hicho, ingawa ndicho kinachogusana na chakula cha familia asubuhi, mchana na jioni. Jiko safi huondoa moshi unaodhuru mapafu na macho. Hata hivyo, endapo chakula kitapikwa katika sufuria inayotoa metali zenye sumu, familia itakuwa imeepuka hatari moja na kubaki na nyingine isiyoonekana.

Kaya inayonunua jiko jipya mara nyingi hununua na vyombo vipya. Baadhi ya majiko ya umeme hufanya kazi kwa sufuria zenye kitako bapa pekee, na yale yanayopasha chombo moto kwa nguvu ya sumaku hukataa kabisa sufuria ya alumini ya kawaida. Huo ndio wakati mwafaka kwa mwananchi kujiuliza maswali ambayo pengine hakuwahi kujiuliza: sufuria hii imetengenezwa kwa malighafi gani, malighafi hiyo imetoka wapi, na inafaa kupikia chakula gani?

Risasi: sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha

Hatari kubwa zaidi inayoweza kutoka katika sufuria ni metali ya risasi. Hii ni metali nzito isiyo na kazi yoyote katika mwili wa binadamu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Ikishaingia mwilini kwa njia ya chakula, maji au vumbi, husambaa katika ubongo, ini, figo na mifupa, na huhifadhiwa katika meno na mifupa kwa miaka mingi. Mwanamke anapopata ujauzito, risasi iliyokuwa imehifadhiwa katika mifupa yake inaweza kurudi katika damu na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Watoto wadogo ndio walio katika hatari zaidi. Kwa mujibu wa WHO, kutokana na chanzo kilekile, mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Aidha, ubongo wake bado unakua, hivyo hata kiasi kidogo kinaweza kupunguza uwezo wa kujifunza, umakini na utulivu wa tabia, na madhara hayo yanaaminika kuwa ya kudumu. Kwa watu wazima, risasi huongeza hatari ya shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na matatizo ya figo. Kwa wajawazito inaweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au kuzaliwa na uzito mdogo.

Mwaka 2020, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) kwa kushirikiana na taasisi ya Pure Earth lilitoa ripoti iliyoonesha kuwa takribani mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana kiwango cha risasi katika damu cha mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita. Vyanzo ni vingi, vikiwemo urejelezaji holela wa betri za magari, rangi za majengo na baadhi ya viungo vya chakula. Vyombo vya kupikia ni miongoni mwa vyanzo hivyo, na ni miongoni mwa vile ambavyo kaya yenyewe inaweza kuvichukulia hatua bila kusubiri mtu mwingine.

Risasi huingiaje katika sufuria?

Katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki, sehemu ya sufuria na vikaango hutengenezwa na mafundi wanaoyeyusha vyuma chakavu na kuvimimina katika kalibu za mchanga. Sufuria hizi za kusubu hupendwa kwa sababu ni nzito, hudumu na bei yake ni nafuu. Tatizo haliko katika ufundi wenyewe, bali katika mchanganyiko unaoingia ndani ya chungu cha kuyeyushia.

Alumini chakavu hutoka katika vipuri vya injini, rejeta, nyaya, makopo, fremu za madirisha na vifaa vya umeme. Vitu hivyo huweza kuja na lehemu, mabaki ya rangi au sehemu za betri zenye risasi, kadimiamu na aseniki. Risasi huyeyuka katika nyuzijoto 327 za Selsiasi, ilhali alumini huyeyuka katika nyuzijoto 660. Maana yake ni kwamba kabla alumini haijayeyuka, risasi iliyokuwemo huwa imekwishageuka maji. Na kwa kuwa risasi huchemka katika nyuzijoto zaidi ya 1,700, joto la tanuri hilo haliiondoi kwa kuigeuza mvuke. Sehemu yake hubaki imesambaa ndani ya metali, na sufuria ikipoa huwa nayo.

Chakula kinapopikwa, hasa chenye asidi au chumvi, huula uso wa ndani wa sufuria kidogo kidogo na kuchukua chembechembe za metali hizo. Nyanya, ukwaju, limau, ndimu, siki, embe bichi na mtindi vyote vina asidi. Kadiri chakula kinavyokaa muda mrefu juu ya moto au kinavyolazwa ndani ya sufuria hadi kesho yake, ndivyo kiasi kinachochukuliwa kinavyoongezeka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kisayansi la Science of the Total Environment ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea, zikiwemo Tanzania na Kenya. Watafiti walichemsha ndani yake maji yaliyotiwa asidi ya siki kwa muda wa saa mbili ili kuiga upishi wa chakula kichachu. Theluthi moja ya vyombo hivyo ilitoa zaidi ya mikrogramu moja ya risasi kwa kila kipimo cha chakula cha mtu mmoja. Baadhi vilitoa pia kadimiamu na aseniki.

Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na kwa kuitazama hivyo inaweza kuonekana si kitu. Hata hivyo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) hutumia mikrogramu 2.2 kwa siku kama kiwango cha rejea cha risasi inayotoka katika chakula kwa mtoto. Hivyo, mtoto anayekula mara tatu kwa siku chakula kilichopikwa katika sufuria ya aina hiyo anaweza kuvuka kiwango hicho kabla hajagusa chanzo kingine chochote.

Nje ya bara la Afrika, suala hili lilijitokeza pia katika Jimbo la Washington nchini Marekani. Wataalamu wa afya ya jamii walibaini kuwa watoto wa familia za wakimbizi kutoka Afghanistan walikuwa na viwango vya juu vya risasi katika damu kuliko watoto wengine. Walipochunguza nyumba, walipata sufuria na majiko ya presha ya alumini ambayo familia hizo zilitoka nayo kwao au zilinunua bidhaa za aina hiyo huko ugenini, na vipimo vikaonesha kuwa baadhi yake vilitoa risasi katika chakula. Mwaka 2024 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kudhibiti risasi katika vyombo vya kupikia.

Jambo la kuzingatia katika mifano yote hii ni kwamba risasi katika sufuria haitambuliki kwa macho, kwa kunusa, kwa kuonja wala kwa sumaku. Sufuria inayong'aa inaweza kuwa nayo, na iliyofifia ikawa haina. Kipimo cha uhakika ni cha maabara pekee. Kwa sababu hiyo, kinga ya mwananchi inaanzia katika kujua asili ya chombo anachonunua na kukitumia kwa chakula kinachokifaa.

Je, alumini yenyewe ina madhara?

Wananchi wengi wamesikia kuwa alumini husababisha ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Hadi sasa, uhusiano huo haujathibitishwa kisayansi. Sehemu ndogo sana ya alumini inayoingia kwa chakula ndiyo hufyonzwa, na figo zenye afya huitoa katika mkojo. Hata hivyo, kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na WHO iliweka mwaka 2011 ukomo wa miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Watu wenye ugonjwa wa figo wanapaswa kuwa waangalifu zaidi kwa kuwa miili yao hushindwa kuitoa alumini ipasavyo.

Ni muhimu pia kutofautisha aina za sufuria za alumini. Ipo inayotengenezwa kiwandani kwa bamba la alumini lililosanifiwa, ambayo huwa nyembamba na yenye unene ulio sawa pande zote. Ipo iliyotiwa kiwandani tabaka gumu la kinga, ambayo kwa kawaida huwa na rangi ya kijivu iliyokolea na haichubuki kwa urahisi. Na ipo ya kusubu, ambayo huwa nzito, yenye unene usio sawa, na mara nyingi uso wake huonesha alama za mchanga au vitundu vidogo. Mbili za kwanza, zikitoka kwa mtengenezaji anayefahamika, zina hatari ndogo zaidi ya kuwa na risasi. Ya tatu hutegemea kabisa aina ya chakavu kilichotumika siku ilipotengenezwa.

Alumini hujijengea yenyewe tabaka jembamba la kinga inapokutana na hewa na maji. Ile rangi nyeusi au ya kijivu inayojitokeza ndani ya sufuria baada ya kuchemshia maji ni sehemu ya mabadiliko hayo, na si uchafu. Akina mama na mabinti wengi hufundishwa kuisugua kwa mchanga, majivu au waya hadi sufuria ing'ae kama kioo. Kila mara tabaka hilo linapoondolewa, metali mpya hubaki wazi kwa chakula kinachofuata. Sufuria ya alumini ioshwe kwa sabuni na kitambaa laini au sifongo kwa ndani. Masizi ya nje yanaweza kusuguliwa bila madhara.

Malighafi nyingine na matumizi yake

Chuma cha pua kisichoshika kutu, ambacho wauzaji wengi huita stili, ni miongoni mwa malighafi salama zaidi kwa matumizi ya kila siku. Kinga yake hutokana na kromiamu, ambayo hufikia angalau asilimia 10.5 ya mchanganyiko wake. Sufuria nyingi huandikwa 18/8 au 18/10, maana yake zina takribani asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 au 10 ya nikeli. Chuma hiki huvumilia nyanya, ukwaju na limau. Kasoro yake ni kuunguza chakula pale kitako kinapokuwa chembamba, hivyo ni vyema kuchagua yenye kitako kinene. Mtu mwenye mzio wa nikeli anaweza kutafuta ile isiyo na nikeli. Kwa anayekusudia kutumia jiko la umeme la sumaku, kipimo ni rahisi: sumaku ya kawaida ikinata kwenye kitako, sufuria hiyo itafanya kazi.

Chuma cha kusubu, yaani vile vikaango na sufuria nyeusi nzito, hutoa chuma kidogo katika chakula, na chuma hicho kina faida. Utafiti uliofanyika nchini Ethiopia na kuchapishwa katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 1999 ulionesha kuwa watoto waliopikiwa chakula katika sufuria za chuma waliongezeka wingi wa damu kuliko waliopikiwa katika sufuria za alumini. Jambo hili lina uzito kwa Tanzania, ambako Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015/16 ulibaini kuwa asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu. Chombo cha chuma hukaushwa mara baada ya kuoshwa na kupakwa mafuta kidogo ya kula ili kisishike kutu. Wagonjwa wanaoongezewa damu mara kwa mara, wakiwemo baadhi ya wenye selimundu, wapate ushauri wa daktari kabla ya kuvitegemea vyombo hivi, kwa kuwa miili yao inaweza kuwa na chuma cha kuzidi.

Vyungu vya udongo vina historia ndefu nchini. Wafinyanzi wa Kikisi wa kando ya Ziwa Nyasa huko Ikombe, ambao vyungu vyao huuzwa katika soko la Matema wilayani Kyela, ni mfano wa ufundi huo unaorithishwa kizazi hadi kizazi. Chungu cha asili kilichochomwa bila kupakwa kitu hakina hatari ile inayotokana na vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi na utando wa kung'aa. Baadhi ya tando za aina hiyo, hasa katika vyombo vya mapambo na vya zamani, hutengenezwa kwa risasi, na vyakula vichachu huitoa. Sahani au bakuli la mapambo lisigeuzwe kuwa chombo cha kulia au kuhifadhia achari.

Vyombo vilivyopakwa enameli, ambavyo wengi wanavikumbuka kwa rangi nyeupe na ukingo wa buluu, ni salama pale vinapotoka kwa mtengenezaji anayefahamika na tabaka lake likiwa zima. Tabaka likianza kubanduka, vipande vyake vinaweza kuingia katika chakula na chuma cha ndani hushika kutu, hivyo chombo hicho kiachwe kutumika kwa kupikia.

Shaba nyekundu na shaba ya njano hupitisha joto vizuri, lakini hazifai kugusana moja kwa moja na chakula kichachu kwa kuwa shaba ikizidi husababisha kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Birika au sufuria ya shaba iwe na tabaka la ndani la bati au chuma cha pua lililo zima.

Vikaango visivyogandisha chakula hupakwa kemikali iitwayo PTFE. Tabaka hili likiwa katika joto la kawaida la kupikia halina madhara yanayojulikana, na hata kipande kidogo kikimezwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Hatari hujitokeza pale kikaango kitupu kinapoachwa juu ya moto mkali. Kikizidi nyuzijoto 260 hivi, tabaka huanza kuharibika, na joto likiendelea kupanda hutoa mvuke unaoweza kuwaletea watu homa na kikohozi, na kuua ndege wanaofugwa ndani. Kemikali nyingine iliyokuwa ikitumika katika utengenezaji wake, PFOA, iliwekwa mwaka 2019 katika orodha ya kemikali zinazopaswa kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm, na mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Mnunuzi atafute kikaango kilichoandikwa kuwa hakina PFOA, akitumie kwa moto wa wastani na mwiko wa mti, na akiache pindi tabaka lake linapochubuka.

Vipo pia vyombo ambavyo havikukusudiwa kwa chakula kabisa. Ndoo na madebe ya rangi, mapipa ya kemikali na mabati yaliyopakwa zinki hayafai kupikia wala kuchachushia pombe, togwa au achari. Vilevile, tabia ya kufunika wali au ugali kwa mfuko wa plastiki ili uive kwa mvuke inapaswa kuachwa, kwa kuwa joto hutoa kemikali kutoka katika plastiki na kuziingiza katika chakula. Mifuniko, sahani ya chuma cha pua au jani la mgomba hufanya kazi hiyo bila madhara.

Kuanzia wapi kwa kaya yenye kipato kidogo

Ni wazi kuwa kaya nyingi haziwezi kubadilisha vyombo vyote kwa mara moja, na hakuna ulazima wa kufanya hivyo. Kiasi cha metali kinachoingia mwilini hutegemea mambo manne: malighafi ya chombo, ukali wa chakula, muda kinaokaa humo, na anayekila. Kwa kuyapanga mambo hayo, familia inaweza kuanza na chombo kimoja chenye manufaa makubwa zaidi.

Chombo cha kwanza kubadilishwa kiwe kile cha kupikia uji na chakula cha mtoto mdogo, hasa uji unaotiwa limau, ukwaju au maziwa mgando. Sufuria moja ndogo ya chuma cha pua yatosha kwa kuanzia. Cha pili kiwe kile cha mchuzi, rosti ya nyanya na mboga zinazoungwa kwa ndimu. Maji ya ugali na vyakula visivyo na asidi hula uso wa sufuria kwa kiasi kidogo zaidi, hivyo sufuria ya zamani ya alumini inaweza kuendelea kutumika kwa muda katika kazi hizo wakati familia inajipanga, isipokuwa ile ya kusubu isiyojulikana asili yake, ambayo ni bora isipikiwe chakula cha watoto wala wajawazito kwa namna yoyote.

Hatua nyingine hazina gharama. Chakula kilichobaki kihamishiwe katika bakuli la kioo, la udongo lisilopakwa rangi au la chuma cha pua badala ya kulazwa ndani ya sufuria. Nyanya na ndimu zitiwe mwishoni mwa mapishi pale inapowezekana. Nyama isilowekwe kwa ndimu na chumvi katika sufuria ya alumini. Chombo kilichotoboka kisizibwe kwa lehemu, kwa kuwa lehemu nyingi zina risasi.

Lishe nayo ni sehemu ya kinga. WHO inaeleza kuwa mwili wenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza risasi kwa wingi zaidi. Maharage, mboga za majani, dagaa, maziwa na nyama humpa mtoto madini hayo. Mzazi mwenye wasiwasi kuwa mtoto wake ameathirika afike katika kituo cha kutolea huduma za afya na kumweleza mhudumu kuhusu vyombo vinavyotumika nyumbani. Risasi hupimwa katika damu, na hatua ya kwanza ya tiba siku zote ni kukiondoa chanzo chake.

Wajibu wa taasisi, wazalishaji na wafanyabiashara

Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na kuendelea chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009, ndilo lenye jukumu la kuweka viwango na kuthibitisha ubora wa bidhaa. Tangu mwaka 2019 shirika hilo limekabidhiwa pia majukumu ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mwananchi anaponunua chombo cha kupikia aangalie alama ya ubora, jina la mtengenezaji na maelezo ya malighafi, adai risiti, na atoe taarifa katika ofisi ya TBS iliyo karibu pale anapokuwa na shaka. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo ina utaalamu wa uchunguzi wa sampuli za kemikali.

Kwa upande wa mafundi wa kusubu, kazi yao ni riziki halali ya maelfu ya familia na inaweza kuendelea kwa usalama. Kinachohitajika ni kuchambua chakavu kabla ya kuyeyusha: kutenga kabisa betri, lehemu, vifaa vya kielektroniki na vipande vyenye rangi, na kutumia alumini ya aina moja inayofahamika. Utafiti wa mwaka 2017 uliotajwa hapo juu ulionesha pia kuwa kupaka tabaka la kinga ndani ya chombo kulipunguza alumini inayoingia katika chakula kwa zaidi ya asilimia 98, na metali nyingine zikapungua vivyo hivyo. Wazalishaji wadogo wanaweza kufika katika ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) za mikoa yao kwa ushauri wa kiteknolojia na kuunganishwa na TBS ili bidhaa zao zithibitishwe. Hatua hiyo humlinda pia fundi mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuvuta moshi wa tanuri lenye risasi, na wanawe ndio wanaoshika nguo zake anaporejea nyumbani. Fundi avue nguo za kazi na kunawa kabla ya kuwabeba watoto.

Wananchi wanahimizwa kuitumia fursa ya kuhamia katika nishati safi ya kupikia kukagua pia vyombo walivyonavyo: kujua kila sufuria imetengenezwa kwa nini, kutenga ile isiyofahamika asili yake, na kuanza na sufuria ya uji wa mtoto.